Kati ya Tatu na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Wamekuja. Nilipopanda ngazi na funguo mkononi nilikuta viatu vimepangwa nje ya mlango wa ukumbi, visigino vikitazama ukuta, vilevile Dada alivyowazoesha wanafunzi wake. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imeanza mchana. Wote wameloa, na kila mmoja ana mkeka wake wa mpira kwapani.

"Jamani," nikawaambia, "Mwalimu wenu tumemzika mwezi uliopita. Mlikuwepo."

"Tulikuwepo, Fundi," akajibu Dereva. Huyu ni mzee aliyeendesha malori ya safari ndefu mpaka mgongo ukamgomea. "Tumekuja hivyohivyo."

Mimi nilikuwa nimepanda na futi yangu kupima ukumbi. Nashona mapazia chumba cha chini, na mafurushi ya vitambaa yamenijaa hadi mlangoni, kwa hiyo nilitaka huku juu pawe stoo. Ndiyo hivyo, sikuwa na nia yoyote nzuri kuliko hiyo. Lakini Mkunga, mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha, akanikumbusha kwamba Dada alikuwa akirekodi masomo yake ya yoga kwa ajili ya wanaosafiri, na kwamba simu yake ninayo mimi.

"Wewe bonyeza tu," akasema. "Kujikunja tutajikunja wenyewe."

Nikabonyeza rekodi iliyokuwa juu kabisa, ya zamani kuliko zote. Spika ikakwaruza, kisha sauti yake ikajaa chumba: "Karibuni. Kaeni, nyoosheni migongo. Na wewe uliyejificha nyuma ya nguzo, nimekuona."

Dereva, aliyekuwa nyuma ya nguzo, akasogea mbele kimyakimya. Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 6 Machi

Wamekuja tena. Mvua. Nimekaa kwenye kigoda mlangoni nikipiga pindo la pazia kwa mkono huku Dada anahesabu. "Vuta. Moja, mbili, tatu, nne. Toa. Moja, mbili, tatu, nne." Sindano ikaanza kwenda na hesabu yake bila kuniomba ruhusa.

Jumapili, 10 Machi

Mama bado hajalia. Siku ya mazishi watu walimsifu, eti ana moyo wa chuma. Moyo wa chuma gani? Mtu aliyekosa hata usingizi. Macho yake yana ukungu, anaona mwanga na vivuli tu, siku hizi anaishi kwa masikio. Anakaa sebuleni ameelekeza sikio kwenye mlango wa chumba cha Dada, na ukimsemesha anakujibu vizuri kabisa, kisha anarudisha sikio palepale.

Leo nilimletea simu asikilize sauti. Nilidhani atalia, mzigo umshuke. Akasikiliza kidogo, akanirudishia.

"Hiyo ni simu," akasema. "Mwanangu si simu."

Akaendelea kuchambua mchele wake. Namwogopea. Mtu hawezi kukaa na kifo kifuani namna hiyo bila kupasuka.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Shingo inaniuma kwa ajili ya mapazia ya hoteli. Nilitamani kujilaza na wao, nikaona haya.

Jumatano, 13 Machi

Nimejilaza. Basi, nimeandika.

Dada alinisihi miaka mingi nije, nami nikimwambia kiuno changu si mkanda wa suruali. Alikuwa anacheka tu. Sasa amekufa, ndiyo nimetandika mkeka wake na kulala chali katikati ya watu ambao nusu yao siwapendi. Mwili uligoma kila mahali. Magoti yalilia. Kwenye mkao wa mti nilianguka, nikamwegemea Dereva naye akauegemea ukuta, na sauti ya Dada ikasema, "Ukianguka, anguka bila matusi." Nilikuwa nimeshatukana.

Mwishoni tulilala tuli. Mkao huu unaitwa wa maiti, jina ambalo Dada hakutaka litajwe ukumbini, alikuwa akisema tu, "Lala, usifanye kitu." Nikalala. Nikasikia mtu anapumua karibu na sikio langu la kulia, polepole, kwa hesabu. Nikafungua jicho. Upande wa kulia palikuwa na ukuta.

Jumatatu, 18 Machi

"Tafuta mahali ulipoificha hasira yako," Dada akasema. Mimi sina hasira, nikamjibu moyoni, kwa hasira. Kumbe nauma meno. Ninayauma mchana kutwa, labda tangu utotoni. Nilipoyaachia, taya lilitetemeka na machozi yakanitoka mpaka masikioni, wala sikuwa na huzuni yoyote wakati ule. Yalitoka tu.

Jumatano, 20 Machi

Yule mteja wa mapazia ya kijani kabadilisha vipimo mara ya tatu. Siku nyingine angeondoka na lake. Leo nilivuta pumzi, nikatoa, nikamwambia, "Sawa, nionyeshe unavyotaka." Akaniangalia, akaniuliza kama naumwa.

Nimeanza kuielewa kazi ya Dada, na inaniuma kwamba nimeielewa sasa. Nilidhani ni mambo ya kujinyoosha ya watu wasio na kazi. Ni kujikuta mwenyewe kama unavyomkuta mtu amekaa chumbani mwako siku zote na hujawahi kumsalimia.

Jumanne, 26 Machi

Nilikuwa jikoni asubuhi nasubiri maji yachemke. Nilisimama wima, miguu sambamba, navuta pumzi na kuitoa puani kama tulivyofanya jana. Mama akaingia akipapasa ukuta. Akasimama ghafla.

"Umeshaamka, Mkubwa?"

Mkubwa ni Dada. Mimi ni Mdogo, tangu nizaliwe sijawahi kuitwa vingine ndani ya nyumba hii.

Nilifungua mdomo kumwambia ni mimi. Lakini uso wa Mama ulikuwa umelainika, mikunjo ya paji imeachia, na mkono wake ulikuwa unautafuta mkono wangu hewani. Tangu mazishi sijamwona hivyo.

"Nimeamka, Mama," nikasema. Sauti zetu ni moja mimi na Dada, ila mimi siku zote nafoka.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Amelala."

Nimeandika haya na kuyakata mara mbili. Sasa nayaacha. Mama amekula leo, tena ameongeza.

Jumatano, 27 Machi

Leo tena. "Mdogo wako yuko wapi?" Nimesema ameshakwenda kazini.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua haijakata tangu Ijumaa. Kila asubuhi nasimama jikoni na kupumua, na kila asubuhi Mama anamkuta Mkubwa. Mchana ninaporudi nikikanyaga kwa nguvu na kufokea mlango unaokwama, ananiita Mdogo, ananieleza kwamba dada yangu yupo, anapumzika. Na mimi naitikia. Loo, mimi huyu naitikia.

Alhamisi, 4 Aprili

Asubuhi Mama alinikalisha akaanza kunisuka nywele kwa vidole, kama alivyokuwa akimsuka Dada. Mimi hakunisuka. Nilikuwa situlii.

"Mvumilie mdogo wako," akaniambia. "Ana ulimi wa panga, lakini ukimtazama mikono ndiyo unamjua. Wewe unanipa maneno mazuri. Yeye ndiye anayeninawisha miguu. Sijawahi kumwambia."

Nilikaa nikipumua kwa hesabu, machozi yakidondoka kwenye mapaja. Miaka yote hii nimekuwa nikiyasubiri maneno hayo, leo nimeyapata, kapewa mwingine. Nikimwambia ni mimi, namnyang'anya binti yake. Nikinyamaza, mimi ndiyo sipo. Nikanyamaza.

Jumatatu, 8 Aprili

Tunazisikiliza rekodi kwa mpangilio wake, na za sasa ni za mwaka jana mwishoni. Kuna jambo jipya. Dada anasema, "Moja, mbili, tatu," kisha anatulia kidogo, ndipo anasema, "nne." Tukabaki tumeijaza pumzi kifuani, tunamsubiri.

Jumatano, 10 Aprili

Dereva anauita Ukimya. Baada ya somo aliwakusanya wageni wawili waliojiunga wiki hii, msichana mwembamba wa duka la vitabu na mwenzake, akawaeleza. "Huko mwanzo Mwalimu alikuwa hatupi huo Ukimya. Hatukuwa tayari. Sasa anatuingiza ndani taratibu. Ukifika pale kati ya tatu na nne, usipumue. Jisikilize. Pale ndipo nilipoanza kujijua mimi ni nani."

Mimi nikatikisa kichwa kukubali. Kwa sababu ni kweli. Pale kati hata mimi nafika mahali ambapo hakuna mapazia, hakuna Mama, hakuna hasira. Ni mahali patulivu mno. Ukikaa zaidi kidogo unaona mtu amekupa mgongo.

Jumatatu, 15 Aprili

Mkunga ameacha. Alikunja mkeka wake katikati ya somo, akanivuta nje kwenye viatu.

"Fundi, mimi kazini nawabembeleza watu wasikate pumzi," akasema. "Usiku na mchana ndiyo kazi yangu. Sitakuja hapa kufundishwa kuikata."

"Ni mtindo wa Dada."

"Huyo sasa hivi siyo dada yako ninayemjua mimi. Hebu msikilize vizuri." Kisha akanitazama kifuani. "Na wewe unapumua hivyo hata sasa, unaongea na mimi. Unajua?"

Nilikuwa sijui.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Ukimya umerefuka.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilirudi nyumbani mchana kuchukua mkasi mkubwa. Mama alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango wa Dada.

"Shh," akaniambia. "Usibamize mlango, Mdogo. Amelala. Pumzi inamsumbua leo."

Nilikuwa dukani asubuhi yote. Nikainama nikaweka sikio mlangoni. Nilisikia mvua kwenye bati. Nilisikia na kitu kingine. Nikafungua mlango kwa nguvu, kitanda kilikuwa kitupu, shuka limenyooka kama nilivyolitandika mwenyewe, na dirisha limefungwa. Mama nyuma yangu akasema, "Umemwamsha."

Nilisahau mkasi.

Jumatatu, 22 Aprili

Asubuhi jikoni. Nilivuta pumzi, nikafika tatu, nikatulia, nikamalizia. Sikukusudia. Kifua chenyewe ndiyo kimeshazoea.

Mama akaja haraka akaniwekea kiganja mgongoni.

"Kifua kimerudi?" akaniuliza kwa kunong'ona. "Uliniambia kimepona."

Akaniinamia sikioni.

"Sitamwambia mdogo wako. Tulishakubaliana. Ukimwambia huyu, atakuja juu, atakuburuta hospitali moja hadi nyingine, atagombana na kila daktari. Wewe pumzika tu."

Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua bila mwavuli.

Kwa hiyo walijua wote wawili. Dada alikuwa anaumwa muda mrefu na Mama alikuwa anajua, na mimi nikafichwa kwa sababu napiga kelele. Ni kweli ningepiga kelele! Ningemburuta! Ningegombana na madaktari mpaka wangenifukuza, na pengine leo angekuwepo, au pengine asingekuwepo, lakini ningekuwa nimemburuta. Nina hasira na maiti. Nimejaribu kuachia taya, halikubali.

Jumanne, 23 Aprili

Leo sikufungua duka. Nimejifungia humo na simu ya Dada na kipande cha kitambaa cheupe, nikafanya jambo ninalolijua. Nikaweka rekodi ya kwanza, nikashona kwa mkono, mshono mmoja kwa kila hesabu, huku nikikisogeza kitambaa kwa mwendo uleule bila kusimama. Nikaenda ya pili, na nyingine, na nyingine, sikubadilisha uzi, sikukata. Kitambaa kilivyoendelea ndivyo nilivyoona. Mwanzoni mishono imepangika vizuri, ningeweza kumuuzia mteja yeyote. Kisha baada ya kila mishono mitatu kuna nafasi. Nafasi inakua. Mwishoni kitambaa kimejaa mapengo ambamo sindano haikupita kwa sababu mtu aliyekuwa anahesabu alikosa hewa.

Hakuna Ukimya wowote. Hakutuingiza popote. Alikuwa anatafuta pumzi, akiipata anasema nne. Nasi tumejifunza ugonjwa wake neno kwa neno, tumeuvaa, tumewafundisha na wageni.

Imebaki rekodi moja. Ni ya wiki aliyopelekwa hospitali. Hiyo sikuifungua.

Jumatano, 24 Aprili

Nimemwambia Dereva. Nimemwonyesha na kitambaa. Alikishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mapengo.

"Mgongo wangu umepona hapa," akasema. "Mke wangu alipoondoka nilikuwa sijui hata nakaa wapi ndani ya mwili wangu. Nimejijua hapa. Unataka kuniambia nilichokijua ni kikohozi?"

"Nataka kukuambia alikuwa anakufa."

"Basi alitufundisha na kufa kwake. Fundi, tafadhali. Imebaki moja tu. Tuache tumalize naye."

Ningesema hapana. Zamani ningesema hapana kabla hajafunga mdomo. Lakini nikisimamisha rekodi na kurudi kwenye pumzi zangu, kesho jikoni Mama atamkuta nani?

Jumatatu, 29 Aprili

Nimewaambia ukumbi unavuja. Uongo mtupu.

Alhamisi, 2 Mei

Mama anamuuguza Dada. Yaani ananiuguza mimi. Kila asubuhi ananisugua kifua, ananifunika shuka, ananilisha uji kwa kijiko akipapasa mdomo wangu. Amekonda. Analala kwenye kiti nje ya ule mlango. Leo aliniambia, "Safari hii sikuachi uende bila mimi kuwepo." Nikatambua nilichomfanyia. Nilidhani nimemrudishia mtoto. Nimemrudishia ugonjwa wa mtoto, na ugonjwa huu unajulikana unakwisha vipi.

Nilijaribu kupumua kawaida mbele yake. Kifua kikasimama kwenye tatu. Nikakisukuma, hakikwenda. Nilisubiri kama mtu aliyesimama mlangoni akisubiri kukaribishwa.

Ninaogopa. Siandiki kwa mzaha. Siijui tena pumzi yangu ilikuwaje.

Jumatatu, 6 Mei

Sikupata uongo mwingine, nikawafungulia, wakajaa ukumbini kuliko siku yoyote. Dereva alikuwa amewaambia ni ya mwisho. Mvua ilipiga bati mpaka ilibidi niongeze sauti ya spika. Nilikaa mbele, mahali pa Dada, kwa kuwa nafasi nyingine haikuwepo.

Sauti yake haikuwa sauti. Ilikuwa upepo na maneno kidogo. "Karibuni. Leo tutakaa tu. Tutapumua tu." Hakufanya mzaha na mtu yeyote. Tukafumba macho.

"Vuta. Moja. Mbili. Tatu."

Tukangoja.

Kwenye rekodi nikasikia mkeka ukikwaruza, kisha nyayo, kisha mlango. Alikuwa ametoka nje. Simu imebaki inarekodi chumba kitupu. Na katika chumba kile kitupu, chini kabisa, nikasikia mlio ninaoujua kuliko sauti ya mtu yeyote: mashine yangu ya kushonea. Nilikuwa chini siku ile. Nilikuwa nashona, yeye akiwa ngazini.

Nikafumbua macho. Watu wote wameketi wima, vifua vimejaa, hakuna anayepumua. Mishipa ya shingo ya Dereva ilikuwa imesimama. Msichana wa duka la vitabu midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na bado alikuwa anatabasamu kidogo. Walikuwa wanamsubiri marehemu awaambie nne.

Nami vilevile. Nilitaka kuwapigia kelele, kifua kimefungwa. Nilitaka kusimama. Nilikuwa pale mahali patulivu, na yule mtu aliyekuwa amenipa mgongo alikuwa karibu mno, ningeweza kumgusa bega. Nilijua akigeuka nitamwona Dada. Nilimtamani jamani, nilimtamani sana. Nilijua pia kwamba nikimwona sitatoka.

Mbali kwenye rekodi, nyuma ya mlango, alikuwa anakohoa. Mashine yangu ikaendelea kuunguruma chini.

Msichana akaanguka ubavu, kichwa kikagonga sakafu.

"Nne!" nikasema.

Haikuwa sauti ya Dada. Ilikuwa ile ya kwangu ya kufokea milango na wateja, ile ya panga. Ukumbi mzima ukaachia pumzi kwa pamoja, wengine wakaanza kukohoa, wengine wakashika sakafu. Nikamrukia msichana nikamgeuza, nikampiga mashavu nikimtukana, "Pumua wewe, mjinga wewe, pumua!" Akavuta hewa kwa mlio, akatapika, akaanza kulia.

Ndipo spika ikatoa mlio wa mlango, na nyayo, na Dada akasema kwa sauti iliyokauka, "Nne. Samahani, jamani. Tuendelee."

Hakuna aliyeendelea. Nikazima.

Dereva alikuwa amepiga magoti. "Umemkatiza," akaniambia.

"Ndiyo."

"Hakuwa amemaliza."

"Alikuwa amemaliza, mzee wangu. Mwezi wa pili alimaliza."

Akainamisha kichwa akalia wazi, bila kujificha, na msichana aliyekuwa ametapika ndiye aliyemshika mkono.

Walipoondoka nilijilaza sakafuni peke yangu bila mkeka. Sikuhesabu. Niliiacha tu pumzi ije inavyotaka. Ilichelewa, kisha ikaja. Ni fupi, ina haraka, inapiga filimbi kidogo tundu la kushoto, haina adabu hata kidogo. Nikaitambua.

Jumanne, 7 Mei

Niliamka kabla ya Mama, nikaenda jikoni, nikasimama mahali pangu. Nilikuwa na hiari kamili. Ningeweza kukata kwenye tatu na siku yake ingekuwa njema. Nilimsikia anakuja, kiganja kikisugua ukuta, nikaiacha pumzi yangu ipige filimbi yake.

Akasimama mlangoni.

"Nani?"

"Mimi, Mama."

"Mdogo?" Akageuza sikio kulia na kushoto, akinitafuta nyuma. "Mkubwa yuko wapi?"

Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Yote yalipotea.

"Amekufa, Mama."

Akakaa kwenye kiti. Alikaa taratibu, akashika ukingo wa meza.

"Najua tulizika," akasema. "Mimi si mwehu. Lakini asubuhi alikuwa anarudi."

"Alikuwa ni mimi. Nilijifunza pumzi yake ukumbini. Ulifurahi, nikashindwa kukuambia. Nisamehe."

Mikono yake ilikuwa inapapasa meza kana kwamba kuna kitu ameweka hapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayataka. Mwishowe akasema, "Walimpeleka hospitali nimelala. Wakasema nitaletwa kesho yake nimwone. Hakukuwa na kesho yake."

"Najua, Mama."

"Mfanye tena."

"Mama..."

"Mara moja tu. Sitakuomba tena. Nimuage mwanangu."

Nikapiga magoti mbele yake. Akaweka viganja vyote viwili kifuani pangu. Nikavuta taratibu, kama Dada. Moja, mbili, tatu. Nikasimama pale.

Uso wa Mama ukalainika. Akaniinamia mpaka paji likagusa paji.

"Mkubwa," akasema. "Umejikaza vya kutosha, mama. Hukutaka kutusumbua, nimeelewa. Nenda. Usibaki mlangoni kwa ajili yangu. Nitakaa na huyu mdogo wako, ananitosha."

Kifua kiliungua. Niliona giza pembeni mwa macho, na sikujua kama amemaliza, na sikutaka kumkatiza. Viganja vyake vikatulia, vikasikiliza. Kisha kimoja kikainuka kikanipiga kofi kifuani, kofi la kweli.

"Haya, Mdogo," akasema. "Na wewe pumua."

Nikapumua, na Mama akaanza kulia.